Baada ya Upepo Kupita

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Chama chetu, mbele ya walimu, wageni na wanafunzi wa sasa. Imechapwa hapa kama ilivyotolewa.)



Mwenyekiti aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya kazi ninayoifanya na mafunzo yake kwa vijana. Mimi ni mtumishi wa serikali katika ofisi ya mkoa, na sehemu moja ya kazi yangu ni kushughulika na maafa: mafuriko, moto, upepo na mengineyo. Nikianza kuwaeleza juu ya mafaili na vikao, hapana shaka walioko nyuma watasinzia kabla ya chai. Kwa hiyo nimechagua kuwasimulia habari za mji mmoja mdogo ulioko mbali na hapa. Mji huo uliangushwa na upepo kwa dakika chache tu, kisha ukalazimika kujibu swali ambalo kila mji mdogo, na hata kila shule, hauna budi kujiuliza. Swali lenyewe mtalisikia tutakapolifikia.

Mji huo unaitwa Greensburg. Uko katika jimbo la Kansas, katikati ya Marekani, kiasi cha kilomita 170 magharibi ya jiji la Wichita. Nchi yake ni tambarare, na watu wake hulima ngano na kufuga ng'ombe. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Wilaya ya Kiowa, kwa hiyo palikuwa na mahakama, hospitali ndogo, shule, maduka ya matofali kando ya barabara kuu, na ghala refu la saruji la kuwekea nafaka. Mji ulijulikana kwa kisima chake. Kilichimbwa kwa mikono mwaka 1887 na 1888. Kina chake ni karibu mita 33 na upana wake karibu mita 10, na wenyeji hujivuna kwamba hakuna kisima kikubwa kuliko hicho duniani kilichochimbwa kwa mikono ya watu. Kiliwapa maji mpaka mwaka 1932, na baadaye kikawa mahali pa kutembelewa na wageni.

Lakini mji huo ulikuwa na ugonjwa wa siku nyingi, kabla hata ya upepo. Mwaka 1960 ulikuwa na watu karibu 2,000. Hesabu ya watu ya mwaka 2000 ilikuta watu 1,574. Vijana walikuwa wakimaliza shule, wakienda vyuoni au mijini, na wakikaa hukohuko. Wala hakukuwa na mtu wa kulaumiwa. Mashamba yalilimwa kwa mashine kubwa zilizohitaji watu wachache, na kijana hufuata palipo na kazi. Nawaomba wenzangu wa zamani mlitilie maanani jambo hili, kwa sababu sisi nasi tu watu wa namna hiyohiyo. Magari yaliyoegeshwa hapo nje yana vumbi la safari ndefu. Wengi wetu tulisomeshwa hapa, tukaondoka hapa, na tunarudi siku moja kwa mwaka kula pilau na kupiga picha.

Sasa nieleze kidogo juu ya upepo wenyewe, maana katika Kiswahili neno kimbunga tunalitumia kwa mambo mawili yasiyofanana. Kimbunga cha baharini, kama kile kilichoitwa Hidaya kilichofika Mafia mwezi Mei 2024, huwa na upana wa mamia ya kilomita, huchukua siku nyingi baharini, na wataalamu hukiona kikija. Tonado ni kitu kingine. Kwa sura inafanana na kisulisuli kinachookota majani na karatasi katika uwanja wetu wa mpira wakati wa kiangazi, ila kisulisuli huanzia chini kwenye ardhi yenye joto, na tonado hushuka kutoka katika wingu zito la radi. Katika nchi tambarare za Marekani, hasa miezi ya Aprili, Mei na Juni, hewa ya joto yenye unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko hukutana na hewa kavu itokayo upande wa magharibi. Ikiwa upepo wa juu una kasi na mwelekeo tofauti na ule wa chini, wingu lote huanza kuzunguka, na pengine mzunguko huo hujikaza na kugusa ardhi. Nyingi huwa nyembamba na hufa baada ya dakika chache. Chache sana huwa kubwa na za kutisha.

Nguvu ya tonado hupimwa kwa uharibifu inaouacha. Kipimo cha kwanza kilitolewa mwaka 1971 na Profesa Tetsuya Fujita, Mjapani aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Chicago. Kilifanyiwa marekebisho na kuanza kutumika upya nchini Marekani mwezi Februari 2007, kwa ngazi kutoka sifuri mpaka tano. Tonado ya kwanza kabisa kupewa ngazi ya tano katika kipimo hicho kipya ndiyo iliyoikuta Greensburg miezi mitatu baadaye.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 4 Mei 2007, kiasi cha saa nne kasorobo usiku. Tonado yenyewe ilikuwa na upana wa karibu kilomita 2.7, yaani ilikuwa pana kuliko mji wenyewe. Kasi ya upepo wake ilikisiwa kuwa zaidi ya kilomita 320 kwa saa. Iliingia kutoka kusini, gizani, ikapita katikati ya mji. Ilipotoka, majengo kiasi cha 95 kwa kila mia yalikuwa yameharibiwa kabisa, na yaliyobaki yalikuwa na majeraha makubwa. Shule ilianguka. Hospitali ilianguka. Mnara wa maji ulianguka. Mahakama na lile ghala la saruji vilibaki vimesimama, na miti iliyosalia ilibaki vigogo vitupu.

Vijana, hebu nanyi kisieni. Mji wa watu kama elfu moja na mia nne au tano, usiku, watu wako majumbani, na karibu kila nyumba imevunjwa. Je, walikufa wangapi? Nilipowauliza vijana wa darasa moja swali hili, walisema mia tano, wengine elfu. Waliokufa walikuwa zaidi kidogo ya kumi. Kila mmoja wao alikuwa na jina na jamaa waliomlilia, wala sisemi kwamba idadi hiyo ni ndogo kwa waliofiwa. Lakini hebu tuulize kwa nini haikuwa mia tano.

Sababu ni mbili, na zote mbili zilikuwako kabla ya upepo. Ya kwanza ni onyo. Ofisi ya hali ya hewa ya Dodge City, magharibi ya hapo, ilikuwa ikilifuatilia wingu hilo kwa rada, ikatoa onyo, kisha ikatoa onyo la pili lililo kali kupita kiasi cha kawaida, ambalo halitolewi ila mji ukiwa katika hatari ya kuangamia. Ving'ora vya mji vililia kiasi cha dakika 20 kabla ya tonado kufika. Sababu ya pili ni mahali pa kukimbilia. Nyumba nyingi za sehemu hizo zina chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, na kila mtoto tangu akiwa mdogo hufundishwa kwamba king'ora kikilia, kazi ni moja tu, kushuka chini. Dakika 20 ni chache. Ni muda wa kuamsha watoto, kumshika mkono bibi, kuchukua tochi na viatu na kushuka ngazi. Lakini zilitosha kwa sababu hakuna aliyehitaji kuuliza afanye nini.

Tulinganishe na mahali pengine. Tarehe 26 Aprili 1989, tonado ilipita Bangladesh, katika sehemu za Daulatpur na Saturia. Inakisiwa kwamba iliua watu kiasi cha 1,300, na makumi ya maelfu wakabaki bila makazi. Watu wa Saturia walikuwa na akili na bidii kama wa Kansas. Walichokosa ni nyumba imara na chumba cha kujificha, na onyo la kuwaamsha. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba maafa ni kazi ya Mungu, namjibu kwamba upepo ndio unaotoka kwa Mungu. Idadi ya wanaokufa, sehemu yake kubwa, inatoka mikononi mwetu.

Usiku uleule watu waliondolewa mjini. Hapakuwa na umeme wala maji, gesi ilikuwa ikivuja, na misumari na vioo vilikuwa kila mahali. Wengi walipelekwa mji jirani wa Haviland. Kwa siku kadhaa waokoaji walitafuta watu chini ya vifusi, na wenyeji hawakuruhusiwa kurudi. Tarehe 6 Mei serikali ya Marekani ilitangaza kwamba hayo ni maafa makubwa, jambo ambalo kwa sheria za huko hufungua njia ya misaada. Kwa vitu vya umma kama barabara, maji na shule, serikali kuu hulipa si chini ya robo tatu ya gharama. Rais George W. Bush alifika tarehe 9 Mei. Wenye bima walianza kudai bima zao. Zikaletwa nyumba za muda zenye magurudumu, zikapangwa safu kwa safu nje ya mji.

Mpaka hapo, Ndugu Mwenyekiti, habari hii ni kama habari zote za maafa tunazozijua sisi tunaofanya kazi hiyo. Kuna siku za kwanza, ambazo dunia nzima inatazama. Blanketi zinakuja, magari ya wakubwa yanakuja, wapiga picha wanakuja. Kisha kuna siku za pili, ambazo hakuna anayetazama, na hizo ndizo zinazoamua kama mji utaishi au utakufa. Ni katika siku hizo ndipo Greensburg ilipoulizwa swali nililolitaja mwanzoni, nalo ni hili: mkijenga tena, mnamjengea nani?

Swali hili halikuwa la maneno matupu. Mzee wa miaka 75 ambaye nyumba yake ilikuwa imekwisha lipiwa deni zamani, sasa angejenga mpya kwa bei mpya ili aishi ndani yake miaka mingapi? Mwenye duka angefungua duka kwa wateja gani? Wapo walioona busara ni kuchukua fedha za bima na kuhamia kwa watoto wao mijini, na wengi walifanya hivyo. Wenzao waliobaki walikutana mara kwa mara chini ya hema kubwa, mamia ya watu kwa mara moja, kwa kuwa hapakuwa na ukumbi uliosimama. Mkurugenzi wa mji, Steve Hewitt, yeye mwenyewe alikuwa amepoteza nyumba yake. Ndipo walipokubaliana juu ya jambo moja la msingi. Kujenga mji kama ulivyokuwa tarehe 3 Mei kungekuwa kujenga mji uleule uliokuwa ukikimbiwa na watoto wao. Kama wanajenga, wajenge mji ambao kijana aliyeondoka angeweza kuutamani.

Njia waliyoichagua ni kujenga majengo yasiyopoteza moto wa ndani wakati wa baridi wala kupoteza ubaridi wakati wa joto, na kutumia nguvu za upepo na jua. Si wote waliopenda. Hao ni wakulima wa kale, na mambo hayo yalionekana kwa baadhi yao kuwa mambo ya watu wa mijini. Walikumbushana kwamba babu zao waliokuja katika nchi ile kavu walivuta maji kwa vinu vya upepo na hawakutupa kitu. Kwa hiyo jambo lililoitwa jipya lilikuwa la zamani. Mwezi Desemba 2007 halmashauri ya mji ilipitisha azimio kwamba kila jengo la mji lenye ukubwa wa zaidi ya futi za mraba 4,000, yaani karibu mita za mraba 370, lijengwe kwa ngazi ya juu kabisa ya vipimo vya majengo vya Marekani, iitwayo LEED Platinum. Hakuna mji mwingine wa Marekani uliokuwa umepitisha azimio kama hilo kabla yao.

Mwaka 2008 wanafunzi wa ufundi wa majengo wa Chuo Kikuu cha Kansas walibuni na kujenga wenyewe jumba la sanaa mjini hapo, likawa la kwanza katika jimbo zima kupata ngazi hiyo. Vijana mnaosoma michoro ya ufundi mlisikie hilo: wanafunzi walijenga jengo la kwanza. Baadaye ukajengwa ukumbi wa mji, na mwaka 2010 hospitali mpya. Mwaka huohuo wa 2010 ilikamilika mitambo 10 ya upepo nje ya mji, yenye uwezo wa megawati 12.5, nguvu inayozidi sana mahitaji ya mji wenyewe. Kwa hesabu zilizofanywa baadaye, majengo 13 ya mji huo pamoja yalikuwa yakiokoa kiasi cha dola 200,000 kwa mwaka katika gharama za nishati. Upepo uliowaangusha wameufunga nira ukawa unawafanyia kazi.

Lakini jambo ninalotaka mlichukue zaidi ni la shule. Wakuu wa shule walitangaza mapema kwamba mwezi Agosti 2007 masomo yataanza kama kawaida, palepale mjini. Hapakuwa na jengo hata moja la shule. Vililetwa vyumba vya muda vya kukokotwa na malori, vikapangwa, na mwezi Agosti kengele ikapigwa. Walijua walichokuwa wakifanya. Mzazi mwenye watoto asingengoja miaka mitatu. Angeandikisha watoto mji mwingine, na mtoto akishapata marafiki huko, familia hairudi. Shule ingefungwa kwa mwaka mmoja tu, mji ungekuwa umekwisha. Tarehe 4 Mei 2008, mwaka mmoja kamili baada ya dhoruba, Rais Bush alirudi kuhutubia mahafali ya wahitimu wa sekondari wa Greensburg. Mwaka 2010 walihamia katika shule mpya, jengo moja la watoto wadogo mpaka wa darasa la mwisho, lililojengwa kwa ajili ya mji huo na jirani zake.

Sasa niseme na upande wa pili, maana hotuba yenye sifa tupu haina faida. Hesabu ya watu ya mwaka 2010 ilikuta Greensburg watu 777. Ile ya mwaka 2020 ilikuta 740. Kumbukeni kwamba mwaka 2000 walikuwa 1,574. Yaani pamoja na majengo mazuri, mitambo ya upepo, misaada ya serikali na wageni waliotoka nchi mbalimbali kuja kujifunza, nusu ya watu hawakurudi. Wapo wanaosema kwamba kwa hiyo kazi yote ilikuwa bure. Mimi nakataa. Miji mingi ya sehemu zile ambayo haikuguswa na upepo wowote imeendelea kupungua kimyakimya, na mji uliopoteza kila kitu usiku mmoja ungeweza kufutika kwenye ramani. Huu una shule, una hospitali, una umeme wake. Ila tukubali ukweli kwamba saruji na vioo vinaweza kurudishwa kwa fedha, watu hawarudishwi kwa fedha. Mtu hurudi kwa sababu kuna kazi ya kumfaa na kuna watu wanaomngoja.

Wenzangu, nisingewachosha na habari za Kansas kama zisingetuhusu. Sisi hatuna tonado za namna ile, lakini upepo tunao. Kila mwanzo wa masika tunasikia kwamba shule fulani imeezuliwa mabati. Katika wilaya moja niliyopata kufanya kazi, ambayo sitaitaja, upepo wa dakika kumi uliezua madarasa matatu na nyumba ya mwalimu. Kamati ilikwenda, orodha ya hasara ikaandikwa, na kwa jitihada za wazazi na serikali mabati yakapatikana. Paa likarudishwa kama lilivyokuwa: mabati membamba ya geji 32, kenchi zilizokaa juu ya ukuta kwa uzito wake tu, misumari michache. Baada ya misimu miwili upepo ukaja tena. Nilipoiona orodha ya pili ya hasara, ilikuwa karibu nakala ya ile ya kwanza, tofauti ni tarehe. Watoto wale walisomea chini ya mwembe mara mbili kwa sababu moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wale walijenga ukuta wakauacha na ufa wake.

Kwa faida ya vijana, na mwalimu wa fizikia atanisahihisha, nieleze namna paa linavyoondoka. Watu hudhani upepo hulisukuma. Kwa kweli hulinyanyua. Upepo unapopita kwa kasi juu ya paa, msukumo wa hewa juu ya bati hupungua. Wakati huohuo upepo unaoingia kwa madirisha yaliyo wazi husukuma kutoka ndani. Basi bati huvutwa juu na kusukumwa kutoka chini kwa mara moja, na ukingo wa paa uliotokeza nje ya ukuta ndio huanza kutoka. Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kenchi zifungwe kwa nondo zilizozikwa katika linta tangu wakati wa kujenga. Misumari iongezwe, hasa pembeni na ukingoni, mahali ambapo upepo huvuta kwa nguvu zaidi. Bati liwe nene kidogo. Miti ipandwe upande unakotoka upepo, lakini isiwe karibu sana hata ikaangukia bweni.

Chama chetu kina mpango wa kujenga bweni jipya, na michango imeanza kuingia. Jambo hilo ni jema na mimi nimechangia. Naomba mambo matatu yaingie katika kumbukumbu za mkutano huu.

Kwanza, kabla ya kuamua rangi ya bweni na maneno ya kuandikwa kwenye bamba la ufunguzi, fundi atueleze kwa maandishi namna paa lake litakavyofungwa. Na mabweni ya zamani, hasa yale mawili ya upande wa mlimani ambayo kenchi zake ni zilezile za enzi zetu, yakaguliwe kabla ya masika ijayo.

Pili, shule iwe na zoezi. Mara moja kila muhula kengele ya hatari ipigwe, na kila mwanafunzi ajue anakwenda wapi, nani anahesabu majina, na nani anawashika mkono wadogo wa kidato cha kwanza. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa maonyo, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati mpaka ngazi za chini. Mwezi Mei 2024, kwa sababu ya onyo, boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa kabla Hidaya haijafika. Barabara ya kusini ilikatika huko Somanga, lakini bahari haikukutwa na abiria. Onyo hufaa pale tu anayelisikia anapojua la kufanya.

Tatu, na hili ni letu sisi tuliovaa tai. Tusiifanye shule hii kuwa mahali pa kutuma fedha tu. Daktari aje azungumze na wanaosoma baiolojia. Mhandisi apande juu ya dari pamoja na vijana wanne awaonyeshe kenchi. Aliyestaafu na mwenye shamba huku afikirie kurudi, alete na shughuli ya kuwaajiri vijana wawili watatu. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tusingoje mpaka paa liruke ndipo tukumbuke njia ya kuja hapa.

Nanyi vijana, sitawaambia msiondoke. Nendeni mkasome, nendeni mkaone. Mimi mwenyewe niliondoka, na chuo kikuu kilinifungua macho. Lakini jueni kwamba siku mji wenu utakapopata shida, ving'ora vitasikiwa na waliopo tu. Wengine watasoma habari gazetini. Kwa hiyo kila mmoja wenu, popote atakapokuwa, awe na jambo moja linalomfunga na mahali hapa kabla ya siku hiyo: mti alioupanda, mdogo anayemlipia ada, shamba, nyumba, hata barua kwa mwalimu wake. Watu wa Greensburg waliorudi kujenga walikuwa wale ambao tayari walikuwa na sababu ya kurudi.

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa chakula kiko tayari, na sitaki kuwa maafa mengine.